Programu za Zamani: Thamani Yake na Tahadhari kwa Mlaji

Chukulia kwamba katibu wa chama cha kuweka na kukopa huko Titye, wilayani Kasulu, amekabidhiwa kompyuta iliyotumiwa na watangulizi wake. Ndani yake mna orodha ya wanachama, akiba na mikopo tangu mwaka 2005. Kompyuta ikifa, fundi anaweza kuziokoa faili na kuzihamishia kwenye mashine mpya. Lakini huenda zisifunguke, kwa kuwa programu iliyoziandika haiuzwi tena. Mwanachama anayedai akiba yake hasaidiwi na faili isiyosomeka.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya watu wanaojitolea kuhifadhi programu zilizoachwa na watengenezaji wake, pamoja na vitabu vya maelekezo, na kugawana ujuzi huo kwa njia ya intaneti. Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1996, inazo programu nyingi za aina hiyo, na baadhi hufanya kazi bila kusakinishwa. Mwenye printa kuukuu iliyo nzima, ila amepoteza CD yake, huenda akaepuka gharama ya kununua nyingine.

Sisi wenyewe tunayo ya kuhifadhi. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kutengeneza majedwali ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Ilitolewa kwa leseni huria. Hivyo aliyekuwa nayo aliruhusiwa kuinakili na kumpa jirani, na ruhusa hiyo haikwisha programu ilipozeeka. Ukikuta CD yake shuleni au katika ofisi ya kata, usiitupe. Kwa maoni yetu, ni kumbukumbu ya jinsi istilahi za kompyuta zilivyotafutiwa maneno ya Kiswahili, na kumbukumbu za namna hiyo hazipaswi kuishia jalalani.

Hata hivyo, si kila programu ya zamani ni mali ya umma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta, na ulinzi huo haukomi kwa sababu tu bidhaa imeondolewa madukani. Mlaji asome leseni kabla ya kunakili, na asikubali kumlipa muuzaji anayedai kwamba programu “imekuwa ya bure” huku akiitoza bei.

Jambo la kuogopwa zaidi ni usalama. Windows XP iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta inayotumia mifumo hiyo isiunganishwe na intaneti, wala isitumike kwa miamala ya fedha. Ibaki kuwa mashine ya kusomea kumbukumbu za zamani. Aidha, faili za programu zinazopakuliwa kutoka mahali pasipojulikana zinaweza kuwa na virusi. Zikaguliwe kwanza, na flashi iliyotumika isichomekwe kwenye kompyuta ya hesabu za chama kabla ya kukaguliwa.

Kwa katibu tuliyemtaja, njia ya karibu ni LibreOffice, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ambayo hufungua faili za aina nyingi za zamani, zikiwamo zilizoandikwa kwa Jambo. Azifungue sasa, mashine ya zamani ingali inawaka, na alinganishe tarakimu moja baada ya nyingine, kwani majedwali huweza kupotoka wakati wa kubadilishwa. Kisha ahifadhi nakala mbili mahali tofauti, mbali na vumbi na unyevu wa masika, na achapishe orodha ya akiba ili kila mwanachama aithibitishe kwa saini yake.