Kujitenga, Kujitawala na Kura: Suala la Umoja wa Kongo Likitazamwa Kutoka Kindu

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia tendo la sehemu ya nchi kutoka katika nchi iliyo kubwa zaidi, na ni vigumu kupata hata moja lisiloegemea upande. Kitenzi kujitenga kinabeba lawama tangu mwanzo: anayetengwa na jamaa zake ameadhibiwa, na anayejitenga huonekana ameukimbia wajibu wake kwao. Kujitawala, kwa upande mwingine, ni neno lenye heshima iliyopatikana katika miaka ya kupigania uhuru. Kwa hiyo, mtu akiwauliza wananchi kama wanataka kujitenga, amekwisha kuwaelekeza kwenye jibu la hapana; akiwauliza kama wanataka kujitawala, amewaelekeza kwenye ndiyo. Hata neno jimbo halina utulivu. Katika Kiswahili cha Kongo ni mkoa wenye serikali yake. Nchini Tanzania aghalabu ni eneo la uchaguzi wa mbunge. Nchini Kenya wingi wake, majimbo, ulikuwa tangu miaka ya 1960 jina la mfumo mzima wa kugawa madaraka, ambao wengine waliutetea na wengine waliuita njia ya kuivunja nchi.

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, ni mahali pafaapo kulitazamia suala hili, kwa sababu mji huo haujapata kuwa kiti cha serikali iliyotangaza kujitenga, na hata hivyo umelipa sehemu kubwa ya gharama za kujitenga kwa wengine. Mji umekaa juu ya mto Lualaba: kata za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, na Alunguli ukingo wa mashariki. Reli inayotoka kusini, kupitia Kabalo na Kongolo, inakomea Kindu. Toka hapo abiria na mizigo hufuata mto hadi Ubundu, kisha reli nyingine hadi Kisangani. Kindu, basi, ni kifundo kinachounganisha kamba mbili. Mkato wowote upande wa Katanga hugeuza kituo chake cha treni kuwa mwisho wa njia isiyokwenda popote.

Mkato huo ulitokea tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alipotangaza kwamba Katanga ni dola pekee. Mwezi uliofuata Albert Kalonji alitangaza hivyo hivyo kwa Kasai ya Kusini. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba katika matukio yote mawili wananchi hawakuulizwa kwa kura. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Tshombe, CONAKAT, kilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo, na muungano ulioongozwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe ulipata viti 23. Jimbo lililogawanyika namna hiyo lilitangaziwa uhuru kana kwamba lina kauli moja. Kaskazini mwa Katanga, hasa miongoni mwa Waluba, uhuru huo ulipingwa kwa silaha. Wala haiwezekani kueleza uhai wake wa miaka miwili na nusu, hadi Januari 1963, bila kutaja kodi za kampuni ya Union Minière pamoja na maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa waliolisimamia jeshi lake.

Kindu ilivutwa ndani ya mgogoro huo kwa njia ya kutisha. Mwezi Novemba 1961 wanahewa 13 wa Italia, waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, waliuawa mjini humo na askari wa Kikongo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba walidhaniwa kuwa watu wa upande wa Katanga. Maelezo hayo hayaondoi uovu wa tendo lenyewe, lakini yanaonyesha jinsi tangazo lililotolewa Élisabethville lilivyofika kwenye uwanja wa ndege wa mji mwingine, ambao watu wake hawakuhusishwa katika uamuzi.

Yafaa kuuliza kwa nini Maniema yenyewe haikufuata njia hiyo. Sababu za kulalamika hazikukosekana: madini ya bati ya Kalima yalichimbwa tangu enzi ya ukoloni na barabara zikabaki mbovu. Jibu liko kwa sehemu katika siasa. Maniema ilikuwa ngome ya chama cha Patrice Lumumba, MNC, ambacho msingi wake ulikuwa umoja wa Kongo. Serikali ya Antoine Gizenga iliyojikita Stanleyville kuanzia mwisho wa 1960 haikudai kuwa dola ya mashariki. Ilidai kuwa serikali halali ya Kongo yote. Waasi wa Simba, walioiteka Kindu mwezi Julai 1964 na kuipoteza Novemba mwaka huo, walitangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo, si ya Stanleyville wala ya Maniema. Hata RCD, iliyoushika mji huo kutoka Oktoba 1998 hadi mapatano ya 2003, haikutangaza nchi mpya, ijapokuwa mstari wa vita uliikata Kongo vipande na treni ya kusini haikufika Kindu. Hivyo watu wa Kindu wameishi katika nchi iliyotengana kwa vitendo bila mtu yeyote kuwaomba kura ya kutengana.

Walichokiomba viongozi wa Maniema ni kitu kingine, na hapa ndipo mjadala wa kweli ulipo. Waliomba jimbo lao. Kivu ya zamani ilikuwa na makao yake Bukavu, mbali na Kindu kwa njia ngumu ya msitu. Mapema miaka ya 1960 Maniema ilipata kuwa jimbo, kisha ikarudishwa chini ya Kivu. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa mara tatu, na Kindu ikawa makao makuu tena. Kuita tendo hilo kujitenga ni kulipotosha neno. Mtu aliyetaka ofisi ya gavana iwe karibu hakutaka pasipoti nyingine.

Tofauti hiyo ilipata uzito wa kisheria katika shauri la Katanga lenyewe. Mwaka 1992 Kongresi ya Watu wa Katanga iliiomba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikubali haki ya Katanga kuwa huru kutoka Zaire. Katika uamuzi wake wa 1995 Tume ilisema kwamba haki ya watu kujiamulia yaweza kutimizwa kwa njia nyingi: uhuru, shirikisho, serikali za mitaa, au mfumo wowote unaolingana na matakwa ya watu. Lakini pasipo ushahidi wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, wala wa watu kunyimwa kushiriki katika serikali, Katanga ilipaswa kuchagua njia isiyovunja mipaka ya Zaire. Uamuzi huo una busara, ingawa unaacha mlango wazi kidogo, na hapana budi uachwe wazi: ukatili unaozidi kiasi hauwezi kufunikwa na ramani.

Kura yenyewe, hata inapopigwa, haitatui swali la nani mpiga kura. Eritrea mwaka 1993 na Sudani ya Kusini mwaka 2011 walikubali karibu wote, baada ya vita virefu na kwa ridhaa ya serikali iliyoachwa. Visiwa vya Komoro vina mfano mgumu zaidi. Desemba 1974 wapiga kura walio wengi mno walichagua uhuru kutoka Ufaransa, lakini Mayotte peke yake ilikataa kwa karibu thuluthi mbili. Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa, na Mayotte ikabaki nayo. Mwaka 1997 Anjouan nayo ikatangaza kujitoa katika Komoro. Anayeruhusu sehemu kuondoka kwa kura lazima aeleze kwa nini sehemu ya sehemu hiyo isiondoke vilevile.

Katiba ya Kongo, iliyopitishwa kwa kura ya Desemba 2005 na kutangazwa Februari 2006, imejibu kwa namna yake. Ibara ya 214 inakataza kuachia ardhi yoyote ya nchi bila ridhaa ya watu wa Kongo kwa kura. Yaani mpiga kura ni taifa zima. Badala yake majimbo yaliahidiwa, katika ibara ya 175, asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, yakatwe papo hapo. Ahadi hii haijatekelezwa kama ilivyoandikwa, na mwenye kuutetea umoja wa Kongo angefanya vema kuanza hapo kabla ya kuwakemea wanaonung'unika. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, huku Maniema ikibaki na mipaka yake ya 1988. Treni inayoondoka Kindu kwenda kusini sasa huingia kwanza Tanganyika, jimbo la Kongolo na Kabalo, ambako mwaka 1960 bendera ya Tshombe haikukubaliwa na wengi.