Utafiti Ukimtafuta Mtu wa Koni kwenye Simu

Tarehe 3 Aprili 2020, Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule aliyechukua damu ya wagonjwa wa Ebola kule Yambuku mwaka 1976, alisema mjini Kinshasa kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo ya korona. Siku chache kabla, daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walikuwa wamejadili kwenye televisheni wazo la kujaribu barani Afrika kama chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, inakinga korona. Facebook na WhatsApp zikawaka moto: Wakongo wanageuzwa panya wa maabara! Ikambidi profesa arudi kufafanua kwamba chanjo yoyote ingejaribiwa kwanza nje, Marekani au China. Kelele zote hizo, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameombwa kushiriki.

Kwenye mitandao hiyohiyo ndiko watafiti wa afya wanakozidi kwenda kutafuta washiriki. Wanalipia tangazo Facebook, wanachagua umri, jinsia na mji, na anayebofya anapelekwa kwenye fomu ya maswali. Hakuna gari, hakuna posho ya safari. Wakati wa korona, Facebook na Chuo Kikuu cha Maryland walikuwa wakialika watumiaji kila siku, katika nchi zaidi ya mia, wajibu maswali kuhusu dalili zao.

Kwa ugonjwa adimu njia hii haina mpinzani. Marekani, wanawake waliopasuka mshipa wa moyo kwa ndani bila sababu ya kawaida walikutana mtandaoni, kila mmoja akiwa ameambiwa kwamba kisa chake hakina mfano. Wakamfuata Dk. Sharonne Hayes wa Mayo Clinic na kumwomba awachunguze. Alipotangaza utafiti mdogo wa watu 12, walijitokeza 18 ndani ya wiki moja. Hapo wagonjwa ndio waliomtafuta mtafiti.

Koni, kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, ni habari nyingine. Hapa, upande wa Likasi, maji ya mto Lufira yanazungusha mitambo ya umeme iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Katanga katikati ya karne iliyopita. Lakini nchini kote, karibu Mkongo mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye umeme nyumbani. Simu inachajiwa kwa jirani au dukani, tena kwa pesa, na mara nyingi simu moja ni ya baba, mama na watoto.

Na swali kubwa la afya la eneo hili haliwahusu zaidi wanaoshinda Facebook. Ni vumbi la shaba na kobalti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, na matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, watoto zaidi. Baadaye, mjini Lubumbashi, walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio nazo. Kasoro hizo zilionekana zaidi pale baba alipofanya kazi ya madini. Washiriki hao walifikiwa ana kwa ana. Mkojo hautumwi kwa WhatsApp.

Wingi wa watu nao unadanganya. Marekani, mwaka 2021, uchunguzi wa Facebook ulikusanya majibu kama 250,000 kwa wiki, lakini ukazidisha kiwango cha waliochanjwa kwa pointi 17 hivi za asilimia. Mwingine wa watu wapatao elfu moja, waliochaguliwa kwa uangalifu, ulikaribia ukweli. Tangazo likirushwa Likasi, wa kwanza kubofya atakuwa mwanafunzi au karani mwenye simu nzuri. Mama anayeosha madini mtoni hatakuwemo, na ripoti itasema "wakazi wa Likasi" kana kwamba naye aliulizwa.

Hatari ya siri kuvuja nayo inasahaulika kirahisi. Kwenye kundi la WhatsApp kila mwanakundi anaona namba za wenzake. Mtafiti wa UKIMWI au kifua kikuu akiwakusanya washiriki kwenye kundi moja, ameshawatangaza. Afadhali namba moja ya mradi, ambayo kila mtu anaiandikia peke yake. Mshiriki naye ana haki ya kuuliza ni kamati gani ya maadili iliyoidhinisha kazi hiyo, na kama anaweza kujitoa bila kuadhibiwa. Akiombwa pesa ya kujiandikisha, huyo ni tapeli.

Kwa Koni, njia ya busara ni kuchanganya: reko, wale wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, waanze, na simu ifuate kwa kukumbusha miadi. Maelezo ya idhini yatumwe kwa sauti, kwa Kiswahili kinachosemwa Katanga, kwa sababu karatasi ya Kifaransa husainiwa na wengi wasioielewa. Na mega za intaneti zilipwe na mradi. Fomu ndefu ikikatika katikati kwa sababu kifurushi kimeisha, kwenye jedwali la mtafiti mtu huyo anahesabiwa pamoja na waliokataa.