Kuja Wundanyi Wikendi kwa Gari la Umeme

Mkazi anayetoka Mombasa kuja Wundanyi kwa gari la umeme ana safari ya takriban kilomita 200. Betri ya uniti 40 inaweza kumfikisha Mwatate salama, lakini kibarua huanzia hapo. Barabara inapanda milima, na gari la tani 1.6 linahitaji takriban uniti 5 za ziada kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Aliyekuja mbio hadi Voi anaweza kukwama katikati ya kona. Ni heri apunguze mwendo hadi kilomita 80 kwa saa na apange mapema, kwa simu, mahali pa kuongeza chaji Voi.

Nyumbani, soketi ya kawaida hutoa takriban uniti 2 kwa saa, yaani 20 hivi usiku kucha. (Zinatoka kwenye tokeni za mwenyeji, mgeni muungwana hangoji kuombwa.) Kwa kuwa mzigo huo hudumu saa nyingi, soketi iliyolegea au ekstensheni nyembamba inaweza kuyeyuka na kuwasha moto. Fundi mwenye leseni ya EPRA akague nyaya kwanza.

Siku ya kurudi, betri isijazwe pomoni. Asilimia 90 inafaa zaidi. Gari likiteremka, mota huzalisha umeme na papo hapo kulipunguza kasi. Betri iliyojaa haina pa kuuweka, hivyo breki za kawaida hubeba kazi yote hadi Mwatate.