Furaha Nayo Hupimwa

Mwenye baipola, ule ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka, akilia tunamkimbiza kliniki. Akicheka, tunashukuru Mungu, basi. Kumbe furaha nayo hupimwa. Mwaka 2008 wataalamu huko Marekani walitoa maswali 17: ukifurahi, unafanya nini? Unaona utaweza kila kitu? Au unajiambia haitadumu? Kila jibu lina alama, 1 mpaka 4. Kuna ambao furaha huwapandisha mno, na kuna wanaoizima kwa hofu ya kuugua tena.

Basi sisi jamaa tusimkataze kucheka. Tumuulize kwa upole: usiku umelala? Dawa umekunywa? Akikosa usingizi na bado ana nguvu tele, twende naye kliniki mapema.