Nukta Moja Yageuza Rehema Kuwa Zahama

Makosa ni yangu mwenyewe, na kwa kuwa nimekwisha kuyakiri mbele ya wazee wa mtaa, sioni haya kuyakiri mbele yako, msomaji.

Chama chetu cha kuzikana kilipotaka nembo, wenzangu walinigeukia mimi. Walisema, "Wewe una khati nzuri, na magazetini ndiko ulikozeekea. Tumtafute nani tena?" Sifa zikaniingia. Nikakaa siku tatu nikichora. Nikaweka hilali, nikaweka mnara wa msikiti na madirisha yake yote, nikaweka jahazi limetweka tanga, na bahari inayofifia kidogo kidogo kutoka kijani hadi nyeupe. Chini nikaandika kwa herufi za Kiarabu neno moja tulilokubaliana, Rahma, na juu ya neno nikatawanya nyota ndogo ndogo za dhahabu. Kijana mmoja akaitia kwenye kompyuta, ikang'ara kama taa za Maulidi. Kila aliyeiona alisema mashaallah.

Mashaka yalianzia kwenye vitabu vya risiti. Risiti aghalabu hupigwa chapa kwa wino mweusi peke yake, maana ndio rahisi. Nembo ikapunguzwa hata ikawa sawa na stampu ya posta, na rangi zote zikawa nyeusi. Mnara ukawa kijiti. Jahazi na bahari vikashikana vikawa doa. Hayo si kitu. Nyota moja ilikuwa imeangukia juu ya re ya Rahma. Ilipokuwa ya dhahabu, kila mtu aliiona ni nyota. Ilipokuwa nyeusi ikawa nukta. Na aliyepita chuoni anajua kwamba re ikitiwa nukta moja juu yake huwa ze.

Bibi mmoja mzee aliyeleta mchango wake wa mwezi aliishika risiti, akaisoma polepole kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimetoa shilingi zangu za rehema, mbona mumeniandikia zahama?"

Sikuwa na jawabu. Vitabu vyote vilikuwa vimekwisha kulipiwa, na pesa zenyewe ni zile zile zinazochangwa kwa ajili ya sanda na ubao wa kaburi.

Nilikwenda kwa mpiga chapa nikiwa tayari kugombana naye, kwa sababu karatasi za barua, zilizopigwa kwa rangi, nazo zilikuwa na msiba wao: herufi zilikuwa na kivuli upande mmoja, na dhahabu yangu ilitoka rangi ya bizari. Bwana yule hakujibu kitu. Alinipa kioo cha kukuzia akaniambia niangalie. Nikaangalia, nikaona kijani changu hakipo! Palikuwa na vitone vya samawati na vitone vya njano vimekaa jirani, na jicho ndilo lililokuwa likivichanganya.

Wino wa mtambo ni wa aina nne tu: samawati, waridi iliyokoza inayoitwa majenta, njano na nyeusi. Kila mmoja una bamba lake, na karatasi hupita chini ya kila bamba kwa zamu. Bamba moja likiteleza kiasi cha unywele, kitu kilichotengenezwa kwa wino mbili huota kingo mbili. Kwa picha kubwa jicho husamehe, bali kwa mstari mwembamba halisamehe. Na ukiacha herufi nyembamba nyeupe katikati ya rangi nzito, wino huvuja kutoka pande zote ukaziba. Ama kioo cha kompyuta, hicho huchanganya mwanga, wala si wino, ndiyo maana kijani chake hung'ara namna ambayo karatasi haiwezi. Dhahabu nayo haipatikani kwa wino nne hizo hata ukeshe. Hutaka wino wake wenye madini ndani, na hulipiwa peke yake.

Nilirudi nyumbani kimya. Kilichonichoma ni kwamba mambo haya nilikuwa nayo tangu utotoni. Chuoni tulifundishwa kukata kalamu ya mwanzi, na nukta ni alama iachwayo na ncha ya kalamu hiyo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliifanya nukta hiyo kuwa kipimo cha herufi zote. Basi ni mwandishi gani mwenye akili atakayetawanya mapambo yenye ukubwa wa nukta juu ya maneno?

Na leso je? Zitazame zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Kando ya pindo kuna maandishi madogo, K.H.E. na Mali ya Abdulla. Hapana picha wala kivuli, ni herufi tu, na mama zetu wakiyaona huijua leso imetoka wapi.

Huko nje nako wamelijua jambo hili. Shirika la WWF la kuhifadhi wanyama lilipoanzishwa mwaka 1961, lilimchagua panda, na sababu mojawapo ni kwamba mnyama huyo ni mweusi na mweupe, kumpiga chapa hakugharimu. Na Hilali Nyekundu, iliyoanza kutumiwa na Waturuki wa Kiosmania katika vita vya mwaka 1876, ni umbo moja na rangi moja. Mtu aliye vitani anaweza kuichora kwa brashi juu ya shuka nyeupe, na ikatambulikana.

Nikaanza upya. Safari hii nilitumia wino mweusi na kalamu nene, na rangi sikuigusa kabisa mpaka mchoro ulipokubali kusimama bila rangi. Ikabaki hilali moja, na Rahma imelala ndani yake. Nyota zote nikazifukuza. Nikaipunguza mpaka ikalingana na ukucha wa kidole gumba, nikaitoa nakala kwenye karatasi mbovu kuliko zote, nikampa mjukuu wangu asome. Akasoma sawasawa. Ndipo nikarudi kwa mpiga chapa tukachagua kijani kimoja kutoka katika kitabu cha Pantone, ambacho tangu mwaka 1963 kila rangi imepewa namba yake. Wino huo hukorogwa kabla ya kutiwa mtamboni, kwa hivyo kuna bamba moja tu, na bamba moja halina la kupishana nalo.

Vile vitabu vya risiti hatukuvitupa. Wazee walisema pesa za sanda hazichomwi moto. Tuliketi barazani baada ya Isha, usiku baada ya usiku, kila mtu na wembe wake, tukikwangua nukta risiti moja baada ya nyingine. Mwezi uliofuata bibi yule alikuja na mchango wake. Kabla hajaipokea risiti, alitoa miwani kwanza akaivaa.