Je, Wajua? Kuhama Chuo na Kurudi Nairobi

Je, wajua kuwa kijana wa Riruta, Nairobi, aliyepangiwa Maseno au Eldoret na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, anaweza kuomba kuhamia chuo kingine cha umma? Ombi hujazwa kwenye tovuti ya KUCCPS wakati wa uhamisho unapotangazwa, na vyuo vyote viwili, anachotoka na anachokwenda, sharti vikubali. Wakati wenyewe ni mfupi. Wengi husikia habari hizi dirisha likiwa limeshafungwa.

Je, wajua kinachowakwamisha wengi? Pointi za klasta. Hata nafasi ikiwepo, ni lazima uwe ulifikia pointi za chini kabisa zilizoingiza watu katika kozi hiyo mwaka wako. Pointi za klasta mwisho wake ni 48, na hukokotolewa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na jumla ya masomo saba ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambayo haizidi 84. Kwa hiyo wasichana wawili wa Precious Blood Riruta wenye B+ ileile wanaweza kupishana kwa uhandisi, mmoja akaingia na mwenzake akaachwa, kwa sababu tu ya fizikia.

Je, wajua kuwa karo inayotoka HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hulipwa kwenye akaunti ya chuo, haipiti mikononi mwa mwanafunzi? Ukihama, wajulishe HELB mapema, la sivyo pesa zitaendelea kuelekezwa ulikotoka.

Je, wajua kuwa aliyekwenda kusoma Kampala kwa gharama zake hapitii mlango huo wa KUCCPS? Yeye huandikia chuo moja kwa moja, ofisi ya msajili wa masomo, akiomba masomo aliyofaulu yatambuliwe. Na kama cheti chake cha sekondari ni cha Uganda, atahitaji kwanza barua ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, inayokilinganisha na KCSE.

Je, wajua kuwa kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 haziruhusu masomo yanayohamishwa kuzidi asilimia 49 ya masomo ya msingi ya kozi? Chukua kozi ya masomo 40 ya msingi: yatakayokubaliwa hayazidi 19, hata kama umeshafaulu 30. Nafahamu sababu yake, kwani chuo hakitaki kutoa shahada ambayo hakikuifundisha. Lakini mama anayeuza mboga Kawangware na ameshalipa karo ya miaka mitatu anaona miaka ya mwanawe ikikatwa, na hilo linauma. Anayetaka kuhama na afanye hivyo kabla mwaka wa pili haujaisha.

Je, wajua kuwa transkripti peke yake haitoshi? Inaonyesha jina la somo na alama tu. Msomaji wa faili yako, kwa kawaida mwalimu wa idara inayokupokea, anataka silabasi: mada za kila wiki, vitabu vilivyotumika, saa za darasani, na muhuri wa chuo ulikotoka. Hukaa na karatasi mbili mbele yake, yako na yao, akilinganisha mstari kwa mstari. “Takwimu I” ya kwenu ikiwa haina mada moja kubwa iliyomo katika ya kwao, somo zima laweza kukataliwa. Ndiyo maana utamkuta kijana kwenye saiba ya Kawangware akiskani kurasa za silabasi moja baada ya nyingine, akirudia kila ambayo muhuri wake haukusomeka. Usimharakishe, kazi hiyo ndiyo inayomwokolea mwaka.

Saa nazo huhesabiwa kwa namna yake. Katika vyuo vingi vya Kenya, saa 1 ya mhadhara ni sawa na saa 2 za mafunzo ya vikundi au saa 3 za maabara.

Je, wajua kuwa zamani kuvuka mpaka kusoma hakukuwa na usumbufu huu? Kuanzia 1963 hadi 1970, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Udaktari ulisomewa Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria Dar es Salaam.

Je, wajua kuwa Wangari Maathai alianza utafiti wake wa uzamifu Ujerumani, akaja kuumalizia Nairobi? Alitunukiwa shahada hiyo mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata.

Je, wajua kuwa tarehe 20 Mei 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu? Hata hivyo, kila chuo bado kinakagua faili ya mwanafunzi chenyewe.

Na hili wengi hulisahau: kwa uhandisi, uliza Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama kozi unayoingia inatambuliwa, kwa jina lake kamili. Kisha usiache nafasi ya chuo ulichomo mpaka uwe na barua ya kupokelewa pamoja na orodha ya masomo yaliyokubaliwa, somo kwa somo, kwa maandishi. Ukipokelewa ukawa unalala kwenu Riruta, kodi ya chumba imekuondokea, na kuingia mjini ni matatu moja tu.