Kyavinyonge: paka akitapika na kukataa samaki, mwenye nyumba atafute nini kwanza?

Asubuhi pirogi zinapofika pwani ya Kyavinyonge, paka wako pale mapema kuliko wanunuzi wengi. Wanajua saa, wanajua fasi ambako mama wanapasulia samaki, na wanangojea matumbo na vichwa. Kwa hiyo paka ambaye anabaki amejikunja chini ya kitanda wakati harufu ya tilapia imejaa kartie nzima, huyo ni mgonjwa, hata kama bado hajatapika.

Watu wengi huacha tu. Paka ni paka, wanasema, atajitibu na majani. Lakini katika kijiji hiki cha wavuvi, kando ya ziwa Eduardi na ndani ya hifadhi ya Virunga, paka si mapambo ya nyumba. Ndiye anayelinda wavu na makayabu usiku. Panya mmoja anaweza kutoboa wavu ambao mvuvi bado anaulipia deni, na akaharibu samaki wa chumvi waliokwisha kupangwa kwa safari ya Butembo. Paka akifa, panya wanarudi. Panya wakirudi, mutu ananunua sumu, na ile sumu inaua paka wa jirani. Mzunguko huo unajulikana vizuri sana pale pwani.

Si kila kutapika ni ugonjwa. Paka hulamba manyoya yake siku nzima, na mara kwa mara anatoa donge la nyoya pamoja na majani. Akitapika mara moja, kisha akacheza na kuomba chakula kama kawaida, hakuna haja ya mbio. Kwa paka mkubwa inatosha kumpumzisha tumbo kwa saa chache, maji yakiwa karibu, halafu kumpa kidogo kidogo samaki aliyechemshwa bila chumvi, bila mafuta na bila miiba. Mtoto wa paka asinyimwe chakula namna hiyo, maana nguvu zake zinaisha upesi.

Hali inabadilika akitapika mara mingi ndani ya siku moja, au akikataa chakula siku nzima. Hapa paka anatofautiana na mbwa. Mbwa anaweza kukaa na njaa siku kadhaa na akapona. Paka asiyekula siku mbili tatu, zaidi sana yule aliyekuwa mnene, mwili wake unaanza kuvuta mafuta na kuyapeleka kwenye ini, na ini linalemewa. Macho, ufizi na ngozi ya ndani ya masikio vinageuka manjano. Wakati huo hata kama ugonjwa wa kwanza umekwisha, ini lenyewe linaweza kumuua. Ndiyo maana kungoja hadi siku ya soko ni kungoja sana.

Sasa mwenye nyumba atazame wapi? Kwa Kyavinyonge, mambo matatu yanastahili kutazamwa mbele ya mengine yote: kitu kilichotoka ziwani, sumu ya panya, na kidonge ambacho mutu wa nyumba mwenyewe alimpa kwa huruma.

Tuanze na ziwa. Paka anayezunguka pwani anameza ndoano iliyobaki katika kichwa cha samaki, au kipande cha nailoni ya wavu chenye harufu ya samaki. Nailoni mara nyingine inajifunga chini ya ulimi, na upande mwingine unaendelea hadi tumboni. Paka anatoa mate, anatapika, anajipangusa mdomo na mguu, anakwenda kwa chakula kisha anarudi nyuma. Kama ni mtulivu, watu wawili wanaweza kumfunika na kitambaa, mmoja akamfungua mdomo na kutazama chini ya ulimi kwa mwangaza wa tochi. Lakini uzi ukionekana, kwa mdomo au kwa nyuma, usivutwe hata kidogo! Ukivutwa unakata matumbo kama wembe. Ni daktari wa mifugo tu wa kuutoa.

Miiba mikubwa nayo inakwama kooni. Na mabaki ya makayabu yenye chumvi kali yanamtapisha paka na kumtia kiu isiyoisha.

Kuna jambo lingine la samaki ambalo wachache wanalijua. Aina fulani za samaki, wakiliwa wabichi, zina kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini. Paka anayeishi kwa matumbo mabichi peke yake, wiki baada ya wiki, anaanza kupoteza hamu ya kula, anatapika, kisha anayumba kama mlevi na kichwa kinainama kifuani. Watu wanasema amelogwa. Dawa yake ni sindano ya ile vitamini, na ikipigwa mapema paka anasimama tena upesi. Kinga ni rahisi zaidi: kuchemsha matumbo, maana moto unaua kile kitu, na kumchanganyia siku zingine chakula tofauti.

Sumu ya panya ndiyo inayotisha kabisa. Paka hali sumu yenyewe mara nyingi. Anakula panya aliyekula sumu. Sumu za namna moja zinazuia damu kuganda, na paka anaweza kuonekana mzima kwanza, halafu baada ya siku mbili hadi tano anakuwa dhaifu, ufizi mweupe, damu puani au katika choo. Hiyo ina dawa, vitamini K1, lakini inataka wiki kadhaa za kutibu. Namna nyingine, na zaidi zile dawa za shamba ambazo watu wanatega kwa panya, inafanya kazi kwa saa chache tu: mate mengi, kutapika, kutetemeka, kupumua kwa shida. Iko pia poda nyeusi au ya majivu ambayo ikifika tumboni inatoa gesi. Matapishi yake yananuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Gesi hiyo inadhuru watu pia, basi paka kama huyo atolewe nje, na matapishi yasafishwe fasi yenye hewa.

Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ya mawese na maji ya chumvi ya kumtapisha ni hatari, maana yanaweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi ni sumu nyingine. La maana ni kutafuta pakiti ya ile sumu, hata kama ni kwa jirani, na kwenda nayo kwa muganga. Jirani anayetega sumu angepashwa kuwaambia wenzake kabla, na kuzika panya waliokufa. Si vigumu, lakini wachache sana wanafanya.

Halafu kuna kidonge. Mutoto akiwa na homa anapewa parasetamoli, basi paka naye anapewa nusu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua: uso unavimba, ufizi unageuka rangi ya udongo, pumzi inakatika. Ibuprofeni na diklofenaki pia si za paka. Kama amekwisha kupewa, daktari aambiwe bila haya.

Minyoo bila shaka iko, na paka mchanga anaweza kuitapika mizima, mirefu na myeupe. Dawa yake inapimwa kwa kilo, na hapo Kyavinyonge haikosi kifaa: paka awekwe ndani ya mfuko na kutundikwa kwenye mizani ya samaki. Paka mkubwa wa kwetu kwa kawaida ana kilo 3 au 4.

Watoto wa paka wakitapika wote mara moja, wana homa, wameinama juu ya maji bila kunywa, huenda ni ile tifusi ya paka, ambayo inaua kwa siku chache. Virusi vyake haviingii kwa watu, lakini vinaweza kubaki nyumbani mwaka mzima. Maji na sabuni havitoshi. Inatakiwa javeli, ile ambayo wakaaji wa Beni na Butembo waliizoea wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Wasilete paka mchanga mwingine mahali pale kabla hajachanjwa.

Magonjwa mawili yanataka mutu ajilinde mwenyewe. Paka aliyebadilika tabia, anayeshambulia bila sababu, sauti imegeuka, hawezi kumeza, anaweza kuwa na kichaa: asifunguliwe mdomo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile. Na paka mwenye homa na uvimbe shingoni, zaidi kama panya wanakufa ovyo nyumbani, asishikwe kwa mikono mitupu. Eneo la ziwa Eduardi lina historia ya tauni, na Ituri, katika eneo la afya la Rethy, tauni ilionekana tena mwaka 2020. Hapo kituo cha afya kipashwe habari.

Kwa hali zingine, fundi wa mifugo anayetibu mbuzi na kuku ndiye wa karibu, na anaweza kumtazama paka pia. Akishindwa, inabaki kupanda Butembo, ambako Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kinafundisha udaktari wa mifugo. Kabla ya safari, ngozi ya mabegani ivutwe kidogo: ikichelewa kurudi, paka amekauka maji, na hakuna kungoja kesho. Asafiri ndani ya kikapu kilichofungwa vizuri, na mwenye kumpeleka ajue kilo zake, saa aliyokula mwisho, rangi ya matapishi, na kila kitu alichopewa nyumbani.